Jina la Malkia wa Ziwa

Juzi dada yangu Feliste alivuka mpaka wa Kavimvira kuja kutusalimia, akiwa na mjukuu wake. Alipomwita yule mtoto, nikasikia harufu ya matope na ndagala wabichi, dagaa wa ziwa letu.

Utotoni tulikuwa na lugha yetu sisi wawili, tuliyoitunga wenyewe, na malkia wetu wa kubuni aliyeishi chini ya ziwa. Aliitwa Loze. Tulipomwoza akawa Lozeva. Kisha mumewe akazama, na kwa kuwa wajane kwetu walinyolewa nywele, tukalinyoa jina lake kichwani, likabaki Zeva. Ilikuwa asubuhi ileile waasi walipoingia Uvira.

Mchana watu walikimbilia mitumbwi. Feliste akaniambia, "Weye jifiche mu matete. Minye natafuta mtumbwi. Nikiita Zeva, utoke."

Nilisikia risasi kwa mbali, makasia karibu, na sauti ya mvuvi: "Nafasi iko ya muntu moja tu!" Kisha makasia yakafifia. Nikadhani jina jipya limempotea, basi nikayanong'oneza maji majina yote matatu, yamkumbushe, mpaka bibi yetu aliponikuta na kunipeleka kijijini Runingu.

Miaka yote Feliste ameapa hivyo hivyo: "Jina lilinipotea kabisa, mdogo wangu. Mpaka leo." Nilimhurumia, nisimtajie tena.

Juzi mjukuu wake alichomokea barabarani, pikipiki inakuja. Feliste hakufikiri hata kidogo.

"Zeva!"

Mtoto akageuka, akamrudia mbio.