Kiraka cha Mfadhili

Juzi binti yangu alirudi kutoka soko la mitumba la Gikomba na suruali ya jinzi iliyochanika gotini, akiringa nayo, nami kwa mawazo nikarudi utotoni, hadi chumba chetu cha mtaa wa Umoja, chenye harufu ya mafuta ya cherehani na pasi ya makaa.

Nilikuwa na mfadhili. Mzee wa ng'ambo niliyemjua kwa barua tu ndiye aliyenilipia karo, chakula cha mchana na dawa za kifua. Alasiri moja nilitoka kanisani, tulikogawiwa barua zetu, nikiwa na picha yake ya kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni kwake akitabasamu, na suruali yake ilikuwa na tundu kubwa gotini.

Nililia. Niliamini ameuza nguo zake nzuri ili mimi nile.

"Mama, huyu ni maskini kutushinda," nilisema.

Mama alikuwa fundi wa kurekebisha mitumba, na alijua wenye pesa hununua matundu kama hayo makusudi. Hakunicheka. Alisimamisha cherehani, akachagua kipande cha jinzi, akakikata vizuri na kukikunja ndani ya barua yangu ya kumjibu.

Picha iliyofuata ilichukua miezi kufika. Kiraka kilikuwa gotini, kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu uliopindapinda. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Mama aliitazama ile mishono kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Maskini, hana mtu wa kumshonea."