Mapipa Mawili ya Kithyoko

Nilifunga safari ya kwenda Machakos, nchini Kenya, kuonja mapipa mawili ya mvinyo wa mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Ninyi wenzangu wa Hombolo mlinicheka, na mlikuwa na haki yenu. Mtu analima zabibu Dodoma, ana mchuzi wake wa zabibu umejaa stoo, kisha anapanda basi siku mbili kufuata wa wenzake? Lakini Mwende alikuwa ameniandikia ujumbe, na ujumbe wenyewe ulininyima usingizi.

Mwende tulijuana kwenye kundi la simu la wakulima wa zabibu. Aliacha kazi ya ofisini Nairobi akaenda kupanda mizabibu kwenye shamba la mama mkwe wake, karibu na soko la Kithyoko, mahali ambapo watu hulima ndengu, yaani choroko. Mumewe, Mutua, anafanya kazi kiwandani Athi River na wana nyumba Syokimau. Kijijini huenda siku za mapumziko tu. Kwa miaka mitatu nilimfundisha Mwende kwa simu jinsi ya kupogoa, kumwagilia na kuvuna. Mwaka huu akakamua zabibu zake kwa mara ya kwanza, akajaza mapipa mawili. Kisha akaandika: "Auntie, kuja uonje mwenyewe. Ukisema ni mbaya, nang'oa zote narudi Syokimau. Nimechoka kubahatisha."

Sasa mnanijua. Mimi nina ulimi. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniletea mvinyo wake nikamwambia utafaa kuoshea vidonda, akakaa misimu mitatu bila kunisalimia. Kila nikilaumiwa najitetea kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu. Ndiyo maana mume wangu, aliponisindikiza stendi, hakuhangaika kunitakia safari njema. Alisema tu, "Ulimi hauna mfupa, Mama Neema. Kauangalie."

Alfajiri tuliondoka Dodoma. Kwenye begi nilikuwa na chupa mbili za mvinyo wangu mwekundu nilizozifunga kwa vitenge, kipima sukari changu cha mvinyo, na karanga za kuwapa wenyeji, ambazo nusu yake niliimaliza kabla ya Kondoa. Tulikula mchana Babati, tukaingia Arusha jioni, nikalala kwa mpwa wangu.

Siku ya pili, Namanga, afisa wa forodha alizifungua chupa zangu kutoka kwenye vitenge akauliza ni za nini. Nikamwambia nimezitengeneza mwenyewe, nawapelekea marafiki. Akauliza kama nadhani Kenya hakuna mvinyo. Nikamjibu kwamba hilo hasa ndilo ninalokwenda kulichunguza. Alicheka, akazifunga tena kwa uangalifu kuliko nilivyozifunga mimi.

Saa tisa alasiri nilishuka Athi River. Mutua alikuwa ananingoja kando ya gari lake, mwanamume mrefu, mpole, anayefikiri kabla ya kila neno. Tulilala Syokimau, kwenye ghorofa zile mpya ambazo watu hutoka asubuhi na kurudi jioni kama siafu. Pale getini vijana walinisalimia, "Niaje mathe?" Sikuelewa, lakini nikaona salamu ya mtoto kwa mama haiwezi kuwa na jibu jingine, nikasema, "Marahaba." Walicheka mpaka wakaegemea ukuta, na tangu hapo nikawa mtu wao.

Usiku ule, tukila ugali na sukuma wiki aliyopika mwenyewe, Mutua alinieleza mambo yalivyo. Hakuficha kwamba nyumba bila mke ni nyumba ya kulala tu, na kwamba Mwende akirudi yeye atashukuru. Lakini pia akaniambia kuhusu mama yake. Baba yao alipofariki, mama aliacha kula mezani. Alikuwa akila amesimama jikoni, vijiko viwili, basi. Mwende alipohamia huko, mama akarudi mezani. Nikamuuliza yeye anataka nisemeje juu ya huo mvinyo.

"Sema tu ukweli, Auntie," akasema. "Yangu nitajipanga."

Jumamosi asubuhi tulipita Tala, tukatokea barabara ya Garissa, tukanunua mapapai Matuu kando ya njia. Kadiri tulivyoteremka joto lilizidi na ardhi ikageuka nyekundu, ikajaa miiba, mbuzi na vichuguu. Nikasema moyoni, hapa mzabibu utakubali, maana hapa ni Dodoma iliyobadilishwa jina. Saa tano tulikuwa Kithyoko, na nusu saa baadaye tukaingia uani kwao.

Mwende alinikumbatia kabla sijamaliza kushuka. Ni mwanamke mdogo wa umbo, msemaji haraka, mikono imekwaruzwa na waya za shambani. Nyuma yake alisimama mama mkwe, Mama Syombua, kitambaa kichwani, kaptula ya mwanawe imekunjwa mkononi akiwa katikati ya kuishona. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akamgeukia Mutua akamuuliza kwa Kikamba mgeni anaomba nini. Alipoelezwa alicheka sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Karibu sana. Hapa tunasema tu habari." Mwende alikuwa ameshaninong'oneza kwamba yeye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani na kileo hakigusi. Shamba alilitoa kwa moyo mweupe. Stoo ya mvinyo alikuwa akiipita kama haioni.

Saa sita mchana Mwende alinifungulia stoo hiyo. Mapipa mawili ya buluu, yamesimama bega kwa bega. Aliniambia ni zabibu zilezile, siku ileile, hamira ileile. Baridi ya Julai ilipoingia yote mawili yaliacha kuchemka, yaani kuchachuka, kabla ya wakati. Wiki hiyohiyo Mutua akashikwa na malaria, Mwende akaenda Syokimau kumuuguza siku kumi.

Nilianza na pipa la kwanza. Tamu kama soda, nzito, na kwa nyuma uchachu wa kitu kinachoanza kuoza. Mvinyo huo ulikufa njiani. Nikasuuza kinywa.

Nikaonja la pili. Jamani, nilifumba macho. Mkavu, safi, una nguvu bila kelele, na mwishoni kabisa harufu ya asali na moshi kidogo, kitu ambacho zabibu peke yake haina. Nikatumbukiza kipima sukari, kikathibitisha: sukari yote ilikuwa imeliwa.

"Hili ulilifanya nini?" nikauliza.

"Hakuna. Nilirudi nikapata imeamka tu yenyewe."

Nikamwambia mvinyo hauamki wenyewe. Akarudia kwamba hajui, na uso wake ukaingia giza, kwa sababu alijua kama ninavyojua mimi kwamba mkulima asiyejua kwa nini amefaulu mwaka huu, mwakani atafeli na hatajua kwa nini. Nilimwomba aningoje mpaka wakati wa chakula, nitasema mbele ya wote.

Alasiri nilienda jikoni kumsaidia Mama Syombua. Alikuwa na sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, chakula ambacho Mkamba asipokikupa jua hajakukaribisha. Nilichambua ndengu, tukaongea habari za magoti na bei ya mbuzi. Nje ya mlango, kwenye kamba, blanketi zito la kijivu lilikuwa limeanikwa. Katikati yake palikuwa na doa la zambarau, duara, upana wa pipa.

Doa la zabibu nalijua. Nina nguo za miaka ishirini zenye doa hilo na hakuna sabuni iliyoliweza. Nikalitazama blanketi, nikamtazama Mama Syombua, naye alikuwa ameacha kukoroga. Wakati huohuo Mwende akaingia kuchukua chumvi. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililimeza, nikaendelea kuchambua ndengu. Mwende alipotoka, mama alinyanyuka bila haraka, akaligeuza blanketi upande wa ndani, akarudi kwenye sufuria yake.

Jua likielekea kuzama tulikaa mezani barazani. Mbuzi wa kuchoma, muthokoi, ndengu, chapati laini za Mwende. Mama Syombua aliomba kwa Kikamba, sala ndefu, na ndani yake nikasikia Dodoma ikitajwa mara mbili. Yeye alikuwa na chai yake. Sisi tulianza na mvinyo wangu, wakausifu kwa adabu. Kisha Mwende akaleta jagi kutoka pipa la pili. Mutua alikunywa, akala kipande cha nyama, akanywa tena, akasema taratibu kwamba wa nyumbani umeushinda wa mgeni. Iliniuma, na ilikuwa kweli. Nyama ile na mvinyo ule vilikuwa vimezaliwa pamoja. Tulikula, tukacheka, nikawasimulia habari ya jirani yangu na vidonda, na kwa nusu saa nilisahau nimeitiwa nini.

Mwende hakusahau. Alisukuma sahani yake. "Auntie, sema sasa."

Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakikutoka kitu. Pipa moja limekufa, moja ni zuri kwa namna ambayo mwenyewe haijui. Nikiishia hapo, atang'oa. Aliniandikia kwamba amechoka kubahatisha. Nikisema nilichokiona, nitamvua nguo mama mzima, kiongozi wa kanisa, mbele ya mwanawe na mkwewe, chakula chake kikiwa bado kinywani mwangu.

Mwende alisoma kimya changu vibaya. Machozi yakamlenga. "Ni sawa. Hiyo inatosha. Jumatatu nang'oa."

Mama Syombua akaweka kikombe chini.

"Mwende. Hakuna kitu utang'oa," akasema. "Ni mimi."

Akaongea Kiswahili ili nisikie, polepole, akiangalia mikono yake. Kabla ya kuokoka alikuwa akitengeneza kaluvu, pombe yao ya asali, na watu wa mahari walikuwa wanatumwa kutoka mbali kuja kuichukua kwake. Mwende alipoenda Syokimau, yeye alipita stoo akatega sikio kwenye mapipa. "Pombe ikiwa hai inaongea," akasema. "Hizo zilikuwa zimenyamaza, zote mbili." Ndani ya sanduku, chini ya sare yake ya kanisa, alikuwa bado na kipande kimoja cha miatine, lile tunda refu gumu la mwegea ambalo Wakamba hulikausha na kulitumia kuchachusha kaluvu. Kilikuwa kimekaa humo tangu alipookoka. Alikiamsha kwa maji ya vuguvugu na asali, akakitia katika pipa moja, maana kilikuwa kimoja, akalifunga pipa kwa blanketi lake, yeye akalala siku tatu kwa shuka. Kila asubuhi alienda kusikiliza. Siku ya tatu lilianza kuongea.

"Nilimwambia Mungu hii si yangu, ni ya Mwende," akasema.

"Mwaitu," Mwende akamwita kwa Kikamba, mama yangu. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mwenyekiti amerudia kaluvu?" Akamgeukia. "Na hizo zikikufa zote, wewe ungerudi Syokimau. Hii nyumba ilikuwa imenyamaza kama hiyo pipa, kabla ukuje."

Mutua aliinamisha kichwa. Mwende alitoka kwenye kiti chake, akaenda kukaa kando ya mama mkwe wake, akamshika mkono. Mimi nililia, sioni haya kuwaambia.

Nilipofuta machozi nilitoa hukumu yangu. Pipa la kwanza liachwe liwe siki. La pili ni bora kuliko mvinyo wowote wa mara ya kwanza niliowahi kuonja. Na kubahatisha kumekwisha, kwa sababu miaka mitatu Mwende amekuwa akipiga simu Dodoma kumtafuta mwalimu ambaye alikuwa hapohapo jikoni. Mama Syombua alivuta glasi ya Mutua, akainusa kwa muda, akaguna kwamba moshi umezidi kidogo, miatine ilikaa sana. Kisha akaomba aongezewe chai.

Jumapili asubuhi nilipoaga, walikuwa wanatoka kwenda kanisani pamoja. Mama alisema atawaambia akina mama mwenyewe, kabla ya mtu mwingine kuwaambia, na wakitaka wamvue uenyekiti. Kisha akaongeza kwamba nusu yao waliwahi kunywa kaluvu yake. "Ni muvea," akaniambia, akinishukuru, na nikajua ananishukuru kwa lipi.

Namanga nilimkuta afisa yuleyule. Akauliza kama nimepata nilichokwenda kuchunguza. Nikamwambia Kenya mvinyo upo, na kwamba wangu umeshika nafasi ya pili.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Kithyoko sikumponya mtu; nilichofanya ni kunyamaza kwa muda unaotosha mwenye neno alitoe. Hilo nimelijua nikiwa na wajukuu watatu, lakini nimelijua.

Mwezi uliofuata tulivuna. Jioni ya siku ya nne baada ya kukamua nilikiacha kipima sukari mezani, nikaingia stoo, nikainama, nikaweka sikio kwenye pipa. Mume wangu alinikuta hivyo, akauliza kama naumwa. Nikamwonyesha kidole anyamaze.