Beti Tatu kwa Bwana Crossthwaite

Kosa la Amos Hollinrake lilikuwa kukaa. Hakuiba, hakumpiga mtu, wala hakumtukana mfalme. Alikaa kitini wakati wimbo wa mfalme, ndio wimbo wa taifa, ukiimbwa katika ukumbi wa kanisa la Thornshaw, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, mwaka 1921. Alikuwa ametumikia kiwanda kimoja miaka thelathini na minne, akitengeneza mashine za kufumia nguo, na vumbi la pamba lilikuwa limemjaa kifuani hata kupanda ngazi tatu kulimtoa jasho. Siku ile alisimama pamoja na wenzake, akafika katikati ya ubeti, pumzi zikamkatika, akakaa.

Mwenye kiwanda, Diwani Septimus Crossthwaite, alikuwa jukwaani. Alinyoosha mkono, na muziki ukanyamaza.

"Hollinrake," alisema, "vijana wa mji huu wamelala chini ya udongo wa Ufaransa, nawe huwezi hata kusimama kwa ajili yao?"

Mmoja wa vijana hao alikuwa Wilfred, mtoto wa Amos mwenyewe. Amos alishika kiti cha mbele yake akajaribu kuinuka, akashindwa, na watu mia mbili wakamtazama akishindwa. Jumatatu asubuhi, viatu vya mbao vya wafanyakazi vilipoanza kugonga mawe ya barabara kuelekea kiwandani, vya Amos havikuvuka lango. Mafundi aliokuwa akila nao mkate mchana walianza kuvuka barabara wakimwona anakuja. Alifariki mwezi wa pili baada ya kufukuzwa, na jeneza lake lilifuatwa na watu sita, wawili kati yao wachimba kaburi.

Binti yake, Annis, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ndiye aliyekuwa akipiga piano siku ile. Diwani aliponyoosha mkono, ni vidole vya Annis vilivyotii. Alikaa pale na mikono mapajani, akisikiliza baba yake akihema, asiseme neno. Hilo hakulisamehe kamwe, si kwa Diwani wala kwake mwenyewe.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Annis hakupiga tena piano kanisani. Alipata kazi katika sinema ya mji, enzi zile picha hazijaanza kusema, akazipigia piano, ziwe za vita, harusi au mafuriko. Picha zilipoanza kusema zenyewe, meneja, Bwana Pilling, alitaka kumwachisha kazi. Kilichomwokoa Annis ni santuri. Sahani ya wimbo wa mfalme ilikuwa na mkwaruzo, na usiku wa kwanza ilimwombea mfalme mstari ule ule mara tisa mfululizo, watu wakacheka, naye Pilling akatokwa jasho. Basi Annis akabaki, apige nyimbo mbili tatu wakati wa mapumziko, na wimbo wa mfalme mwisho wa onyesho. Kazi yake yote ikawa wimbo mmoja, nao ni ule uliomuua baba yake.

Watu wa Thornshaw walikuwa na desturi zao kuhusu wimbo huo. Ukianza, kila mtu anasimama na hakuna anayesogea hata unyayo. Kwa hiyo wenye haraka walikimbia kabla haujaanza. Wapendanao kwenye picha wakianza tu kusogezeana nyuso, nusu ya ukumbi ilikuwa mlangoni, kofia mkononi, kuwahi tramu ya mwisho. Aliyenaswa njiani aliganda hapo hapo kama nguzo, hata kama tramu yake ilikuwa ikipiga kengele nje.

Annis aliwajua wote kwa migongo yao. Akimwona mfumaji mjamzito au mzee mwenye nyonga mbovu anajikokota kuelekea mlangoni, alipenga kamasi polepole, akapanga karatasi zisizohitaji kupangwa, mpaka mlango ufungwe. Lakini Crossthwaite akiinuka tu kitini kwake, Annis alikuwa ameshabonyeza. Jumamosi moja alimnasa mkono mmoja ukiwa ndani ya koti na mwingine nje, na Diwani akasimama wimbo mzima akining'iniza mkono mtupu wa koti kama sanamu ya kutishia ndege.

"Leo umemnasa, shoga," alisema Hetty Ormerod, muuza tiketi, aliyekuwa akimjua Annis tangu utotoni. "Kama panya."

"Panya mnene huyo," alijibu Annis. "Mtego wenyewe mdogo."

Akaanza kutafuta mtego mkubwa. Alikwenda maktaba ya mji kusaka sheria aliyoivunja baba yake, akasoma Jumapili kadhaa za mvua. Hakuipata, kwa sababu haikuwapo. Hakuna bunge lililowahi kuupitisha wimbo ule, wala hakuna aliyejua kwa yakini nani aliutunga. Alichokikuta ni habari za mwaka 1745, jeshi la Waskoti liliposhuka kuja kumng'oa mfalme, London ikatetemeka. Jeshi hilo lilipita Lancashire yenyewe, na wapo watu wa Lancashire waliojiunga nalo. Katika siku hizo za hofu, waigizaji wa jumba moja la maonyesho walijitokeza mchezo ulipokwisha wakamwimbia mfalme. Watazamaji wakashangilia, wakataka tena kesho yake, na jumba la pili likaiga ili lisikose wateja. Wafalme wa nchi nyingine nao wakaazima sauti hiyo hiyo, wakaitilia maneno yao.

Annis alifunga kitabu. Kumbe baba yake alifukuzwa kwa desturi ya wachezaji wa jukwaani. Kumbe wimbo ulizaliwa mikononi mwa watu wa kazi yake, wenye taa na pazia, nao wakubwa wakauchukua wakaufanya fimbo. Aliona kwamba fimbo ile ilikuwa mkononi mwake kila jioni, na kwamba hajawahi kupiga nayo kwa nguvu.

Mwanzoni mwa mwaka 1935 Hetty alileta habari. Binamu yake alikuwa mtumishi nyumbani kwa Crossthwaite, naye alisema Diwani ana jongo. Kidole gumba cha mguu kimevimba kikawa chekundu kama kiazi cha bitiruti, na shuka ikikigusa anapiga ukelele. Daktari amemwambia asisimame muda mrefu.

Mwaka huo mfalme alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano kitini, na kila mji ulikuwa na kamati ya sherehe. Ya Thornshaw ilikutana ofisini kwa Pilling. Siku moja, akimpa chai, Annis alimdondoshea Pilling neno kwamba wenzao wa Ramsclough, mji jirani, wataimba beti zote tatu badala ya ule mmoja wa kila siku. Haikuwa kweli. Lakini watu wa Thornshaw walikuwa radhi kufa njaa kuliko kushindwa na Ramsclough, hata kwa gwaride la mbuzi. Kufikia Ijumaa kamati ilikuwa imeamua beti tatu, maneno yachapishwe, na Diwani Crossthwaite awaongoze watu kutoka jukwaani. Diwani hakuweza kukataa. Yeye aliyemfukuza mtu kwa nusu ubeti, angesema nini?

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, alasiri. Watu mia sita walijaa sinema, watoto wakiwa na vibendera, harufu ya pai za nyama na viazi ikitoka kwenye mifuko ya akina mama. Crossthwaite alikaa jukwaani na mkufu wake wa udiwani, fimbo kando ya goti. Kabla ya kuanza, Pilling alimjia Annis chini ya jukwaa.

"Annis, mwanangu, Diwani anaomba uende haraka haraka kidogo. Mguu."

"Mwambie nitampigia kwa heshima zote," alisema Annis.

Alianza polepole, kama wanaopandisha jeneza mlimani. Diwani alisimama, kidevu juu. Ubeti wa kwanza ulimkuta akiimba. Wa pili ndio ule wa kumwomba Mungu awavuruge maadui, ambao makanisa mengi yaliuruka kwa haya, na Annis aliupiga akimtazama usoni bila kupepesa, kila neno likimtoka moyoni kama apizo. Wa tatu ulimkuta Diwani ameacha kuimba, mikono yote miwili juu ya fimbo, uso rangi ya nta.

Watu walikuwa wameshavuta pumzi wakingoja sauti ya mwisho. Annis hakuitoa. Badala ya kushuka, vidole vyake vilipanda vikarudi mwanzo. Watu walisitasita nusu hatua, wakamfuata. Wangefanyaje? Wimbo wa mfalme ulikuwa unapigwa. Pilling alisimama ukingoni mwa jukwaa, mikono imebana mapaja, macho yamemtoka, na hakuweza kupiga hatua sita kuja kumzuia. Askari mlangoni alikuwa amepiga saluti, asiweze kuushusha mkono. Kila mtu alikwisha kujua kuna jambo, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusogea.

Katika ubeti wa tano Crossthwaite alikaa. Kiti kililia. Annis akaondoa mikono katikati ya mstari, na sauti mia sita zikafa moja baada ya nyingine.

"Simama, Bwana Crossthwaite," alisema Annis. Hakupaza sauti. "Baba yangu alikuwa na mapafu yaliyojaa pamba yako. Wewe una kidole cha mguu. Simama."

Diwani alikaza fimbo, akainuka nusu, akarudi chini. Akamtazama, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

"Baba yako ndiye nani?"

Miaka kumi na minne Annis alikuwa amejiandaa kwa hasira yake, kwa vitisho vyake, hata kwa machozi yake. Kwa hilo hakujiandaa.

"Amos Hollinrake," ilisema sauti ya mzee kutoka viti vya juu.

"Fundi wa banda namba tatu," akasema mwingine, karibu na mlango.

"Aliyekufa kwa kifua," alisema mwanamke mmoja. "Baba yake Wilf."

Annis aligeuka akawatazama. Aliijua migongo yao, na sasa aliziona nyuso. Ni wale wale waliovuka barabara.

"Kumbe jina lake mlikuwa nalo," alisema.

Alijua kazi yake imekwisha siku hiyo, na kwamba tangu kesho atakula kwa kufundisha piano watoto wa wafumaji, na ndivyo ilivyokuwa mpaka uzeeni. Alifunga mfuniko wa piano, akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, akapita katikati ya viti hadi mlangoni. Askari alimpisha, mkono ukiwa bado kwenye kofia. Nyuma yake watu mia sita walikuwa wamesimama, maana wimbo ulikatwa kabla ya kwisha, na hakuna aliyethubutu kuwa wa pili kukaa.