Nyuzi za Kavetsa Zilipokataa Kutoka

Kavetsa aliinua ile chupa ndogo mbele ya dirisha akaangalia. Maji tu. Maji safi kama ya mvua, na hakuna kitu ndani. Akaigeuza pole pole, juu chini, vile alifundishwa. Akangoja. Akageuza tena. Hakuna.

Hapo ndani palitakiwa nyuzi. Ukishasafisha damu mpaka ibaki maji maji, unamwagia spiriti baridi juu yake, na hapo zinapokutana nyuzi zinajitokeza, nyeupe, zinavutana kama mrenda kwa mwiko. Hizo nyuzi ndizo DNA. Ziko ndani ya mwili wa kila kitu chenye uhai, na watu wa maabara wanasema ndizo zinafanya huyu azaliwe ng'ombe na huyu mtu, huyu afe na ugonjwa na huyu apone. Kavetsa alikuwa amezitoa miaka na miaka na hazijawahi kumkataa. Sasa zimemkataa mara mbili, wiki moja, na leo ni Ijumaa.

"Imetoka?" Daktari Mutheu aliuliza kutoka mlangoni.

"Haijatoka, Daktari."

Daktari Mutheu alikuwa mama mwembamba wa Machakos, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yanauma. Akaja, akachukua chupa, akaitazama, akairudisha.

"Hiyo damu unajua ni ya nani."

Kavetsa alijua. Ilikuwa ya fahali mmoja wa Busia. Mbung'o walimuuma huyo fahali maisha yake yote, na ng'ombe wenzake wote wakakonda wakafa, yeye akabaki ananenepa tu. Maabara nzima ilitaka kujua ako na nini ndani. Halafu akagongwa na lori akielekea mtoni, mambo yake yakaishia hapo. Damu yake ilibaki chupa moja kwa friza.

"Jumatatu utafanya hiyo ya mwisho," Daktari akasema. "Mimi nitasimama hapa nikikuangalia. Ikikataa, unarudi kwa sinki kuosha vyombo. Na hata huko kwa sinki sijui kama kuna nafasi."

Huko nyuma, Shiundu mfagiaji alikuwa anapangusa sakafu. Hakuinua kichwa.

Sasa hiyo sinki, Kavetsa aliijua vizuri. Bwana yake alikuwa seremala pale Riruta, akaenda kutafuta mbao Mombasa, mpaka leo anatafuta. Akamwachia watoto kwa nyumba ya chumba kimoja Kawangware na deni la kuni. Kavetsa akapanda ile barabara ya juu mpaka kwa maabara ya magonjwa ya ng'ombe, akaombwa cheti, akasema hana, akaombwa mikono, akaonyesha. Akaosha vyombo vya vioo mpaka kucha zikamwishia. Alikuwa haongei ongei. Alikuwa anaangalia. Fundi mmoja mzee, Wabwire, alichoka kuona mtu anamchungulia begani, akamwambia, basi njoo ushike.

Kujifunza kulimwachia alama. Iko dawa inaitwa finoli, ndiyo inatenga uchafu wa nyama na zile nyuzi. Ikikumwagikia, haiumi. Inaganzisha ngozi, inageuka nyeupe kama ya maiti, na wewe unacheka, ndio baadaye inakula. Kavetsa alicheka hivyo siku moja, na mkono wake wa kushoto hauna manyoya mpaka kesho. Lakini akatoka kwa sinki. Akavaa koti nyeupe. Na akishavaa, akamwombea kazi ya kufagia huyo Shiundu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa anazunguka Kibera akijiita fundi wa redio na hajui hata kubadilisha betri.

Jumapili akitoka kanisa, Kavetsa alienda Kibera kumtafuta. Alitaka kumwambia ajue mapema: dada yako akitoka, na wewe unatoka, kwa sababu ni jina langu lilikuingiza. Majirani wa mtaa wake, Soweto, wakamwonyesha na kidevu. Ako kwa Rosebella.

Rosebella alikuwa mama mnene mwenye meza ya mandazi mbele na pombe ya chang'aa nyuma, na hakuna mtu alikuwa anakuja kwa sababu ya mandazi.

"Karibu, mama wa ng'ombe!" akasema. "Kaka yako ametoka hapa saa hii. Aki huyo ni mtu. Mimi siku hizi hata sipiki. Kupika ni ya nini, na moshi inaita polisi?"

"Hupiki unauza nini?"

"Dawa ya Shiundu. Hebu ona."

Akamimina kidogo kwa kijiko, akawasha kiberiti, vile wauza chang'aa wote wanaonyesha kitu chao ni safi. Moto ukapanda, bluu, unacheza.

"Na hii nimeshatia maji nusu!" Rosebella akasema, macho yamemtoka. "Ile yangu ya kupika ukiitia nusu inazima kama sigara kwa mvua. Hii inawaka tu, shetani hii. Wateja wanalalamika kichwa, lakini hao hawajawahi kukosa la kulalamika."

Kavetsa akainama akanusa. Haikuwa na harufu ya mahindi wala ya sukari guru. Ilikuwa harufu ya meza yake mwenyewe kule maabara. Akaona chupa ya kahawia kama zao, chini ya kitanda cha Rosebella, karatasi yake imekwaruzwa, na akaelewa kila kitu mara moja, amesimama hapo na Biblia kwa kwapa.

"Mwaga hiyo," akasema. "Hiyo kule kiwandani inatiwa sumu. Itawamaliza macho."

"Wee! Hawa macho walimaliza zamani, ona wake walioa."

Kavetsa hakucheka. Aliivuta chupa, akatoka nayo nje, akaimwaga yote kwa mtaro, Rosebella anamfuata akipiga kelele mpaka watu wa mtaa wa Makina wakasikia.

Kwa hivyo asubuhi ya Jumatatu Shiundu alikuwa anamngoja nje ya geti, macho mekundu, kofia mkononi kama mtu wa matanga.

"Dada, umenimwagia chakula."

"Ulitoa spiriti kwa chupa yangu ukajaza maji."

"Kidogo tu. Nusu. Hiyo kitu ni kali, dada, hata nusu iko na nguvu. Si uliona kwa Rosebella vile inawaka?"

"Ile si ya kuwasha, mjinga! Hizo nyuzi zinayeyuka kwa maji. Spiriti kavu ndiyo inazifukuza zitokee. Ukiitia maji zinabaki zimejificha humo humo, mimi naonekana mwizi wa kazi!"

"Mimi ningejua aje?"

"Ungejua kwa kutoiba."

Shiundu akashika mkono wake, ule wa alama. "Ukinitaja nitafungwa. Mama atakufa na presha, na unajua. Sema umekosea. Utarudi kwa sinki tu, sinki haiui mtu. Dada, mimi ndio niko na jina la baba."

Kavetsa akauvuta mkono akaingia. Hakumwambia ndio, hakumwambia hapana. Mimi ninayesimulia nasema hapo tu ndipo alikosea, kumwachia huyo kijana hata hiyo nafasi ya kutumaini.

Damu ya fahali ilikuwa tayari. Daktari hakuamini mtu, alikuja mwenyewe Jumapili jioni akailaza kwa maji ya moto, na ile sabuni ya kupasua chembe na dawa ya kula nyama, mpaka ikawa nzito kama uji. Sasa akasimama, mikono kifuani. Shiundu akaanza kupangusa hapo karibu na mlango, mahali palipokuwa pameshapanguswa.

Kavetsa akatia finoli. Hapo hutikisi, unalaza chupa na kuinua, unalaza na kuinua, kama unabembeleza mtoto wa mtu mwingine, kwa sababu ukitikisa nyuzi zinakatika vipande na haziwi za maana tena. Akaweka kwa mashine ya kuzungusha. Ikatoka imejipanga: finoli chini, utando mweupe wa uchafu katikati, na juu maji ya maana. Akayavuta ya juu na mrija mpana, jasho linamtoka kwa pua, asiguse ule utando. Akarudia. Akasafisha tena na klorofomu. Akatia chumvi.

"Spiriti," Daktari akasema.

Kavetsa akatoa chupa kwa friza. Akaishika. Kitambaa cha Shiundu kikasimama sakafuni.

"Unangoja nini?"

"Naomba chupa mpya, Daktari. Ile ya store, iliyofungwa."

"Ya nini? Hii imejaa."

Hapo angeweza kusema niliiacha wazi, imeharibika. Angebeba yeye kosa, nyuzi zingetoka, na Shiundu angeenda nyumbani. Shiundu naye alikuwa anamwangalia, midomo inatembea bila sauti, dada, dada.

"Imejaa kwa sababu imetiwa maji," Kavetsa akasema.

"Na nani?"

"Na Shiundu. Mtoto wa mama yangu."

Daktari hakupiga kelele. Akamimina ile spiriti kwa kioo kirefu, akatumbukiza kile kipimo chao cha kuelea. Kwa spiriti kavu kinazama mpaka shingoni. Hapa kilisimama juu juu tu. Akakiangalia, akamwangalia Shiundu, akaenda store mwenyewe, na akipita mlangoni akaita askari.

Akarudi akavunja kifuniko cha chupa mpya, akamkabidhi Kavetsa. Kavetsa akamimina, ikiteleza kwa ukuta wa chupa. Akailaza, akaiinua. Zikatoka. Ukungu kwanza, halafu uzi, halafu fundo zima jeupe linaelea. Akaingiza kijiti cha kioo akaanza kuzungusha, uzi unajisokota pole pole.

"Dada!" Shiundu alikuwa ameshashikwa na askari. "Dada, geuka uniangalie!"

Mkono ukitetemeka, uzi unakatika. Kavetsa hakugeuka. Alizungusha mpaka zote zikashika, akazisuuza, ndipo akainua kichwa, na mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kwa sinki hakurudi. Daktari Mutheu hakumwomba msamaha kwa yale ya Ijumaa, na Kavetsa hakungoja.

Shiundu alifungwa. Krismasi, mama yao alifunga safari kutoka Kakamega mpaka Kawangware, mtu mzee, miguu imefura, akakataa hata chai. Akasimama katikati ya hicho chumba akauliza mbele ya watoto:

"Ungekosa nini ukimfunika mdogo wako?"

"Yeye alinifunika?" Kavetsa akasema. "Aliniona wiki nzima nikiangalia maji, akaendelea kupangusa sakafu. Kaa chini, mama, unywe chai."

Mama hakukaa.