Mkutano wa Siku za Giza

Nilipohama Mkolani kwenda kukaa kwa mama mdogo mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha dagaa, sikujua kwamba kule mwezi ndio unaopanga kazi. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika, wanawake wanasukana na kufua. Siku za giza dagaa wanafuata taa za wavuvi, na asubuhi mwalo mzima unawaanika juu ya mawe. Hata harusi haipangwi siku hizo.

Sasa tangazo likabandikwa ofisi ya mtaa: Jumatano, saa tatu asubuhi, wananchi wafike kutoa maoni juu ya mpango wa mkoa wa kuendeleza ufukwe. Jumatano yenyewe katikati ya giza!

“Mama mdogo, twende,” nilimwambia.

“Na dagaa watajigeuza wenyewe?”

Nikaenda peke yangu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ramani nazipenda mno. Nikiiona moja najenga mji mzima kichwani. Hii ya mpango ilitundikwa ukutani ofisini, ziwa la bluu, barabara nyekundu, na mawe yetu yamepakwa kijani: bustani ya mapumziko. Nikaona maua, nikaona watoto wanabembea, nikafurahi kabisa. Halafu nikawatafuta wanawake wetu mle ndani. Hawakuwepo.

Tulikuwa watu tisa, na karatasi ya mahudhurio ilishaanza kuzunguka. Nikasimama.

“Hapo kwenye kijani ndipo tunapoanika dagaa.”

Afisa mipango, kaka mmoja mpole mwenye miwani, akaangalia ramani, akaniangalia mimi. “Wewe unaanika?”

“Mama yangu mdogo. Mimi nageuza.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. “Basi waje wenyewe wanaoanika, dada. Saa tano nafunga, nikishafunga nimeandika kwamba hakuna pingamizi.”

Nilikimbia mpaka kandambili ikakatika. Mama mdogo alinisikiliza huku anasambaza dagaa kwa fagio. Akamtazama jirani yake, mama mmoja wa Nansio, wakatazama wingu lililokuwa linapanda juu ya ziwa.

“Nani atabaki?” mama mdogo akauliza.

Wanawake wote waliokuwa wanaanika wakanigeukia.

Wakaondoka watano, magamba yamewang'ang'ania mikononi, nikabaki na dagaa wa watu watano na kunguru wasiohesabika. Nikigeuza huku, kunguru wanashuka kule. Nikiwafukuza kule, naangalia njia ya ofisini. Wamefika? Wamepewa nafasi? Mama mdogo Kiswahili chake kinakuja na Kisukuma ndani, wasije wakamcheka. Nilitamani nijigawe mara mbili. Kila dakika nilipanda jiwe kuchungulia, na niliposhtuka, mvua ilikuwa imeshafika. Nilivuta turubai la kwanza, la pili. La tatu halikuwahi.

Wakarudi wanakimbia, wamelowa, wanapiga kelele wote kwa pamoja.

“Imekuwaje?” nikauliza.

“Hajaandika,” alisema mama mdogo. “Nimemwambia, baba, tuwekee mkutano wakati wa mbalamwezi uone kama ofisi yako itatosha. Akaniuliza mbalamwezi ni tarehe ngapi.”

“Kumbe hajui!” Mama wa Nansio alikuwa anajishika mbavu.

“Tumemhesabia kwa vidole. Ameandika siku hiyo, na mkutano utafanyika hapahapa kwenye mawe. Mpaka hapo mchoro hausainiwi.”

Nilitaka kuruka. Lakini walikuwa wameshaona rundo lililolowa, na nikaanza kulia. Dagaa wa hivyo huishia kwenye chakula cha kuku, bei ya kutupa, na wengi walikuwa wa mama wa Nansio. Akawachota kiganjani, akawanusa. Nikamwomba radhi. Akawamwaga tena.

“Ulikuwa wapi mvua inakuja?”

“Juu ya jiwe, mama. Nawachungulia nyie.”

Akaguna. Akamwambia mama mdogo, “Huyu siku ya mkutano aongee yeye wa kwanza. Dagaa asiguse.”

Bado siku nane. Nimeshaandika nitakachosema, nimekifuta, nimekiandika upya. Kila jioni natoka nje kuuangalia mwezi, naona hauongezeki haraka.