Dufu Lisilokuwemo Kompyutani

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza: kasida ya madrasa ya watoto wetu huenda isipelekwe redioni, maana ustadhi wao hajaridhika na ngoma za rekodi. Nikamfuata mpaka Chake Chake, kwa kijana anayerekodi nyimbo chumbani kwake; ustadhi na watoto walikuwa wameshafika.

Kinanda chake hakina sauti yake chenyewe. Hukiunganisha na kompyuta, akachagua sauti, na kila kibonye anachobonyeza hulia kwa sauti hiyo. Alichagua ngoma ya kwanza. Ustadhi akainua kidole.

“Hii kasida, au tunafungua disko?”

Kijana akajaribu nyingine.

“Hilo debe, yakhe!”

“Ustadhi, humu zimo ngoma za Wazungu na za Waarabu. Dufu letu la kasida halimo.”

“Kama halimo, basi hakuna kasida.” Akakusanya kanzu yake, akasimama.

Watoto wakatazama mkeka. Binti yangu alikuwa akitafuna ncha ya ushungi wake. Nikamshika mkono, tukatoka.

Njiani nilijisemea kwamba kisanduku kile cha kompyuta kimebeba sauti za dunia nzima na kuisahau ya jirani. Lakini nani kati yetu aliwahi kukipelekea?

Kesho yake asubuhi nililipasha dufu la mume wangu kwenye moto wa makumbi ya nazi mpaka ngozi ikakaza, nikalifunga kangani, nikampelekea kijana. Nilimwomba arekodi mlio wake, auweke kwenye vibonye. Akanisogezea maikrofoni.

“Haya, lipige, mama.”

Nikaangalia chini, nikalipiga.