Gunia la Pamba na Kitambi cha Baba

Miaka ile sukari ilikuwaga ya foleni, sisi hapo Bunda wote tulikuwa wembamba kama mabua. Baba na mama wanalima pamba, watoto nyuma yao. Halafu biashara zikaruhusiwa. Baba akafungua duka, akakaa kwenye kiti, na mimi binti yake wa mwisho nikavuta kiti changu pembeni. Akinywa soda, na mimi nakunywa. Akila andazi la pili, mimi niko la tatu. Shambani akabaki anaenda mama na kaka zangu wawili.

Baba alifurahi nilivyonenepa. Kila mteja alikuwa anaonyeshwa mashavu yangu, ajue njaa imeshahama kwetu. Na mimi nilikuwaga najiona mzuri kweli, sidanganyi.

Msimu wa kuvuna ulipofika nikataka kazi moja tu, kushindilia. Gunia linaning'inizwa kwenye miti, mtoto anaingia ndani, anaruka juu ya pamba mpaka ishikane. Kila anayepita anakuona juu kule unachungulia. Kaka zangu wakanicheka, eti bosi mimi nirudi dukani. Nikawaambia wao wepesi kama manyoya, pamba hata haiwasikii. Mama akaniruhusu.

Niliruka vizuri, lakini kidogo tu. Pumzi ikakata, miguu ikazama, nikakwama mpaka kwapani. Kaka mmoja akauliza kama na mimi nipelekwe kwenye mizani pamoja na gunia. Baba, aliyekuja siku hiyo kuangalia mavuno, akakimbia kuniokoa. Alipofika akakaa chini, anahema kunizidi. Mama ndiye aliyenivuta.

Akatuangalia wote wawili, akamwambia baba, "Huyu mtoto hajajinenepesha. Anakaa unapokaa wewe."

Asubuhi yake baba akamwachia kaka mkubwa duka, akashika njia ya shambani kwa mguu. Mimi nyuma yake, kama kawaida yangu. Njia nzima alikuwa anasimama kusalimia watu, hata wasiomjua, anauliza habari za ng'ombe wao mmoja mmoja. Nilijua anatafuta pumzi. Na mimi nikawa nasalimia, tena kwa heshima kubwa.

Tukaenda hivyo kila siku. Gunia la mwisho la msimu ule nilishindilia mimi, likajaa mpaka likawa gumu kama ukuta. Baba akalishona mdomo mwenyewe, amesimama.